Shanta la Sh180,000: Litaokoa mgongo wako au litakausha mfuko?

Wapo wasomaji wanaoniuliza kuhusu dawa, wapo wanaouliza kuhusu vipimo. Swali la wiki hii limetoka Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, na linahusu begi. Baba mmoja, mfugaji nyuki, ameona mnadani shanta kubwa la mtumba, lenye fremu mgongoni na mkanda mpana wa kiunoni. Muuzaji amemwambia ni begi la wawindaji wa Ulaya, kwamba halichoshi hata ukibebea gunia, na bei yake ya mwisho ni Sh180,000.

Baba huyu anataka kujua mambo mawili. Kwanza, kama litamsaidia mgongo wake unaomsumbua kila msimu wa kurina asali. Pili, msimu ukiisha, kama binti yake wa darasa la nne anaweza kulitumia shuleni, maana naye ameanza kulalamika mgongo.

Nimeamua kulijibu gazetini kwa sababu maswali ya namna hii ni mengi kuliko mnavyodhani. Ni godoro, ni kiatu, ni kiti, ni mkanda wa mgongo unaouzwa stendi. Mtu ana maumivu, ana fedha kidogo, na mbele yake kuna kitu cha bei kubwa kinachoahidi nafuu. Na Sh180,000 si fedha ya kuchezea. Kwa kiwango cha CHF iliyoboreshwa tulichokuwa tumekizoea vijijini, Sh30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, hiyo ilikuwa miaka sita ya matibabu ya familia nzima.

Tuanze na begi lenyewe. Mabegi ya aina hii hayakutengenezwa kwa ajili ya daftari wala kwa safari ya kwenda mnadani. Nchini Marekani mwindaji huweza kuua mnyama mkubwa jamii ya kulungu milimani, mahali pasipofika gari. Humchinja na kumkata vipande, kisha hubeba nyama mgongoni kwa saa kadhaa, wakati mwingine kilo 30 au zaidi kwa safari moja. Ndiyo maana begi lina fremu ngumu na mkanda wa kiunoni wenye sponji nene. Jipya la kampuni zenye jina huuzwa mamia ya dola. Ipo hata kampuni ya huko Marekani inayotengeneza mabegi ya wawindaji na imejiita Kifaru, jina letu kabisa, ingawa sidhani kama wengi wa wateja wake wanajua maana yake.

Je, mkanda ule wa kiunoni una kazi, au ni pambo? Una kazi, na hapa muuzaji hakudanganya sana.

Ukibeba begi la kawaida, uzito wote unaning'inia mabegani. Misuli ya shingo na mabega inakaza muda wote, na mikanda inabana eneo kati ya shingo na bega, mahali inapopita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Madaktari wa majeshi wanalijua tatizo hili vizuri. Askari anatembea siku nzima na shanta zito, kesho yake anaamka mkono umekufa ganzi, au hawezi kuinua bega. Wengi hupona baada ya wiki au miezi, lakini ni ulemavu wa muda unaotisha. Ilionekana kwamba askari wanaobeba mashanta yenye fremu na mkanda wa kiunoni hawapatwi sana na tatizo hilo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliobebeshwa mizigo ya kijeshi vilionyesha kuwa mkanda uliofungwa vizuri huhamisha takriban theluthi ya uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga.

Theluthi, si wote. Na uzito uliohamia nyonga haujapotea hewani. Magoti yanaubeba, vifundo vya miguu vinaubeba, moyo na mapafu vinaulipia. Kwa hiyo hilo la "halichoshi hata ukibebea gunia" liache hukohuko mnadani.

Sasa twende kwa mfugaji nyuki wetu. Watu wengi hawajui uzito halisi wa mzigo wanaobeba, kwa sababu wanaupima kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina karibu kilo 1.4. Ndoo ileile ikijaa asali ni kilo 28, kabla hujahesabu ndoo yenyewe, panga, bomba la moshi na maji ya kunywa. Mwanamume wa kilo 60 anayetoka porini na mzigo huo amebeba karibu nusu ya mwili wake. Mgongo ukiuma baada ya hapo, sihitaji eksirei kuniambia kwa nini.

Kwa mtu kama huyo, jibu langu ni kwamba begi linaweza kuistahili bei yake, lakini kwa masharti. Awe anabeba zaidi ya robo ya uzito wake, kwa mwendo wa saa moja au zaidi, na awe anafanya hivyo siku nyingi za mwaka. Mfugaji nyuki mwenye mizinga mbali na barabara anaingia hapo. Askari wa wanyamapori anayelala porini anaingia. Mchuuzi anayezunguka vijijini na vitenge mgongoni kila siku anaingia. Anayerina mara mbili kwa mwaka na mizinga yake iko kilomita mbili kutoka nyumbani, haingii.

Na hata anayeingia, kabla hajatoa fedha, ajiulize kama mzigo ule lazima ubebwe na mgongo wake. Singida ina punda wengi. Kuna baiskeli, kuna bodaboda ya kukodi kwa siku ya kurina tu. Kuna njia isiyo na gharama yoyote ila muda: kwenda mara mbili, kilo 14 badala ya 28. Mgongo hauoni tofauti kati ya shanta la Marekani na la mitumba, lakini kilo 14 na kilo 28 unazitofautisha vizuri sana.

Wilayani humohumo Mkalama, upande wa Munguli kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, wawindaji wa kweli ambao hawajawahi kuhitaji begi la kuwindia. Mwindaji hutoka na upinde, mishale, kisu na pengine shoka. Mnyama mdogo humbeba begani. Akiangusha mkubwa, hurudi kambini kuita watu, na nyama hubebwa na wengi. Siwataji ili tuwaige maisha, nao wana shida zao kubwa za kiafya na za ardhi. Nataka tu uone kwamba mzigo unaweza kugawanywa kabla ya kutafutiwa begi la bei kubwa.

Najua kuna mama anasoma hapa na kujisemea: hayo ya mabegi ni ya wanaume, sisi tunabeba kichwani. Ana haki ya kuingia kwenye mazungumzo. Mwaka 1986 Profesa G.M.O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowashangaza wengi. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia hewa ya oksijeni zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Wanajeshi wenye mashanta hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1995 ikaelezwa kwamba siri ilikuwa kwenye mwendo wao: mwili ulibembea kwa ufanisi zaidi kila hatua, kama bembea isiyopoteza nguvu.

Lakini msiichukue habari hiyo kama ruhusa ya kumtwisha binti ndoo. Wanawake wale walikuwa wamezoea kazi hiyo tangu utotoni, na faida ile iliishia kwenye mzigo wa wastani. Ukizidi, gharama inapanda kama kwa mtu mwingine yeyote. Watafiti wengine waliowapima wanawake wa Afrika Kusini baadaye hawakuiona faida hiyo kwa wote, na huko Limpopo wabeba maji walilalamika maumivu ya shingo na mgongo. Ngata nzuri inasaidia kutuliza mzigo usiyumbe. Kuusogeza bomba la maji karibu na nyumba kunasaidia zaidi, lakini hilo si la kununua mnadani.

Sasa binti wa darasa la nne. Hapa jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa hesabu ndogo.

Mtoto wa miaka tisa au kumi ana kilo kama 25, wengine pungufu. Ushauri unaotumiwa na wengi ni kwamba begi la shule lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 25 hiyo ni kilo mbili na nusu hadi tatu na robo tatu. Shanta la mwindaji lenye fremu, likiwa tupu, lina kilo mbili hadi tatu na zaidi. Yaani mtoto anamaliza karibu kiwango chake chote kabla hajaweka daftari moja.

Kisha kuna kipimo. Mkanda wa kiunoni unafanya kazi pale tu unapokaa juu ya mifupa ya nyonga. Shanta la mtu mzima limekatwa kwa mgongo mrefu. Ukimvisha mtoto, mkanda unashuka hadi makalioni, mikanda ya mabegani inaacha nafasi, na begi linamvuta nyuma. Mtoto anainama mbele ili asianguke. Umelipa Sh180,000 kumnunulia mtoto tatizo.

Niongeze jambo ambalo huenda likawashangaza wazazi. Mwaka 2018 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 69 kuhusu mabegi ya shule na maumivu ya mgongo kwa watoto. Wachambuzi hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba begi la shule, kwa uzito wake au namna linavyobebwa, ndilo linalosababisha maumivu ya mgongo. Kiwango cha asilimia 10 ni busara ya kumpunguzia mtoto mzigo na uchovu. Si mpaka ambao ukivukwa uti wa mgongo unapinda. Kwa hiyo mnaoogopa kwamba begi litamtia mtoto kibiongo, tulieni. Mnunulieni begi la kawaida lenye mikanda miwili mipana, likae karibu na mgongo, lisishuke chini ya kiuno, na jioni mtoeni daftari zisizo kwenye ratiba ya kesho.

Ila kuna upande wa pili wa habari hiyo njema, na ndio ulionifanya nikae kuandika. Kama begi si chanzo kikubwa cha maumivu ya mgongo kwa mtoto, basi mtoto mdogo anapolalamika mgongo siku baada ya siku, tusikimbilie kulaumu begi.

Nilimwona binti wa miaka 11 aliyebadilishiwa begi mara mbili ndani ya muhula mmoja. La kwanza lilikuwa zito, wakanunua jepesi. Jepesi halikusaidia, wakanunua la bei kubwa lenye sponji. Kila aliyeulizwa, nyumbani na dukani, alisema ni begi. Alipoletwa kwangu alikuwa ameanza kujikwaa akitembea. Nilimwomba ainame, nikapitisha kidole kwenye uti wa mgongo kutoka juu kwenda chini, na katikati kidole kikagota kwenye uvimbe mgumu, pingili moja imechomoza. Alikuwa amepungua kilo tatu. Bibi yake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alikuwa amekohoa kwa miezi.

Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Watu wengi hudhani kifua kikuu ni kikohozi. Vijidudu vyake husafiri kwa damu na huweza kujenga kwenye mifupa, na uti wa mgongo ndio mfupa vinaoupenda zaidi. Hula pingili polepole. Mwanzoni ni maumivu tu, mtoto hana kikohozi, anakwenda shule kama kawaida. Baadaye pingili inabonyea, kibiongo kinatokea, na uti wa fahamu ukibanwa miguu inapooza. Ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge, na dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure. Matibabu ya mifupa huchukua muda mrefu kuliko ya mapafu, mara nyingi miezi 12. Binti yule anatembea vizuri leo, japokuwa mgongo wake haukunyooka kabisa.

Si kila mtoto anayelalamika mgongo ana kifua kikuu, tafadhali. Wengi wamechoka, wameanguka wakicheza, au wamebeba ndoo. Maumivu hayo hupungua ndani ya siku chache, mtoto analala vizuri na kucheza. Mlete hospitali ikiwa maumivu yamezidi wiki mbili, yanamwamsha usiku, yako mahali palepale kila siku, au yanamfanya akatae kucheza. Mlete haraka zaidi akiwa na homa, jasho la usiku, kupungua uzito, au ukiona sehemu ya mgongo imechomoza. Miguu ikilegea, akianza kujikojolea wakati alishaacha, au akishindwa kukojoa, usisubiri kesho.

Magonjwa mengine huja na sura hiyohiyo. Mtoto mwenye selimundu huumwa mgongo na viungo wakati damu inapogoma kupita kwenye mishipa midogo, na wapo wanaofika darasa la nne hawajawahi kupimwa. Maambukizi ya figo huleta maumivu ubavuni yakiwa na homa. Na kwa familia za wafugaji, nawaomba mkumbuke ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, bruselosisi. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika kondo na damu ya mnyama aliyetupa. Homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi na maumivu ya kiuno yasiyoisha. Wengi hutibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajafikiria kupima hicho. Hili linamhusu pia baba mwenyewe. Kama mgongo wake unauma hata miezi ambayo harini asali, begi si jibu lake.

Turudi mnadani, kwa yule ambaye baada ya yote haya bado anaona anahitaji shanta. Usilijaribu likiwa tupu. Begi tupu siku zote ni zuri. Omba wakuwekee mfuko wa unga au sembe wa kilo 10, ulivae, ufunge kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze mikanda ya mabegani kidogo. Tembea robo saa mnadani humohumo. Ukiweza kupitisha kidole chini ya mkanda wa begani bila kubanwa, uzito umeshuka kwenye nyonga inavyotakiwa. Ikiwa mabega ndiyo yamebeba yote, fremu ni fupi au ndefu kwako, na halitabadilika ukifika nyumbani. Kagua mshono pale mikanda inapoungana na begi, maana hapo ndipo mitumba hufia. Kagua bakoli ya mkanda wa kiunoni. Ikivunjika, umebaki na begi zito la kawaida. Wakati wa kupakia, vitu vizito vikae karibu na mgongo.

Tazama na rangi. Mabegi mengi ya wawindaji yana mabakamabaka yanayofanana na kombati za jeshi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo kuyasalimisha. Sitaki msomaji wangu apone mgongo aje apate kesi. Chukua la rangi moja.

Likiwa la mtumba, lifue kwa maji ya moto na sabuni, ulianike juani siku nzima kabla ya kuliweka chakula. Hujui mara ya mwisho lilibeba nini.

Na kama fedha haitoshi, fundi cherehani anaweza kukushonea mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji ya godoro kwenye begi ulilonalo, na kuingiza upande wa mgongoni kipande kigumu cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu. Bila kitu kigumu mgongoni mkanda hauna cha kushikilia. Haitakuwa sawa na fremu, lakini kwa mzigo wa kilo 10 hadi 15 inatosha.

Kwa baba wa Nduguti: usimvishe binti begi hilo, na usisubiri uamue kuhusu begi ndipo umpeleke. Nenda naye hospitali ya wilaya wiki hii. Beba kadi yake ya kliniki kama bado ipo, ili waone uzito wake ulikotoka. Mweleze mganga maumivu yalianza lini, yako wapi hasa, kama yanamwamsha usiku, kama kuna mtu nyumbani anakohoa au aliwahi kutibiwa kifua kikuu, na kama mnakunywa maziwa mabichi. Na umwombe amvue shati, amkague mgongo wote kwa mkono.